Diski mpya, pedi za zamani? Somo la breki za mbele

Ukifunga diski mpya (sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi), funga na pedi mpya (vibao vinavyoibana), kulia na kushoto kwa pamoja. Kinyume chake si lazima: pedi mpya zinaweza kukaa kwenye diski za zamani, mradi uso wa diski haujachimbika na unene wake haujashuka chini ya kipimo kilichogongwa kwenye diski yenyewe.

Sababu ni hii. Pedi hulika kwa kufuata mifereji na matuta ya diski iliyoizoea, kama kiatu kilichochukua umbo la mguu wa mwenyewe. Ipeleke kwenye diski mpya iliyonyooka, itagusa sehemu chache tu. Sehemu hizo hubeba joto lote na kuacha madoa kwenye chuma, breki zinapungua nguvu, na baadaye usukani unatetemeka kila ukishika breki. Isitoshe, breki hushika vizuri pale tabaka jembamba la pedi linapohamia kwenye diski na kutandaa sawasawa. Pedi iliyoungua ikang'aa kama kioo haiwezi kulitandaza.

Hatua ya 1. Egesha penye sakafu ngumu, zuia tairi za nyuma kwa vigingi, legeza nati za tairi, ndipo upige jeki. Gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake huteleza, na imeua watu.

Hatua ya 2. Vua tairi, fungua kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, yaani bomba linaloipelekea mafuta. Toa pedi, kishikio cha kalipa, kisha diski.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hupaharakisha, nami nakusihi utulie. Sugua uso wa habu (kitovu ambacho diski hukalia) kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke. Chembe ndogo ikibaki katikati, diski itayumba ukingoni, na kuyumba kunakoruhusiwa huwa ni kama milimita 0.05 hadi 0.1 tu. Diski nyingi zinazodaiwa kupinda zilifungwa juu ya kutu.

Hatua ya 4. Osha diski mpya kwa dawa ya kusafishia breki, kwa kuwa nyingi hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Usiiguse tena kwa mikono yenye grisi.

Hatua ya 5. Rudisha pistoni (kipande cha ndani ya kalipa kinachosukuma pedi) ndani polepole huku ukitazama kopo la mafuta ya breki lisifurike. Mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Pini za kalipa, ambazo kalipa huteleza juu yake, zisafishe na uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake.

Hatua ya 6. Rudisha diski na kishikio, kisha funga pedi, kalipa na tairi, ukikaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini.

Hatua ya 7. Tafuta barabara tupu. Punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10, kwa nguvu ya wastani, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiziacha breki zipoe kidogo kila baada ya zamu. Katika kilomita 300 za mwanzo epuka breki za ghafla, isipokuwa kwa dharura.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Pedi zangu ni za juzijuzi tu, zina milimita 9. Kweli nizitupe?

Jibu: Marahaba. Uchungu wako nauelewa. Lakini kwa kawaida pedi ni rahisi kuliko diski, na hapo unahatarisha kitu cha ghali ili kuokoa cha bei ndogo. Mimi ningefunga mpya.

Swali: Diski ya kushoto ndiyo iliyochimbika, ya kulia nzima. Nibadilishe moja?

Jibu: Hapana ndugu, gari litavuta upande mmoja. Badilisha zote mbili, kisha utafute kilichoila ya kushoto peke yake. Anza na pini au pistoni iliyoganda. Usipoitibu, diski mpya nayo itakwisha vivyo hivyo.

Swali: Naweza kufanya hivihivi breki za nyuma? Hambreki yangu ni ya umeme.

Jibu: Dada, usiisukume pistoni hiyo kwa nguvu, utavunja mota yake. Lazima kwanza hambreki iwekwe katika hali ya matengenezo, mara nyingi kwa mashine ya kupimia gari. Hata kwenye hambreki ya waya, pistoni nyingi za nyuma huzungushwa huku zikisukumwa.

Swali: Nimekanyaga mara nyingi, pedali bado laini.

Jibu: Usiliendeshe. Kagua kama mafuta yanavuja na kama pedi zimekaa sawa. Ukiwa ulifungua mpira wa breki, kuna hewa ndani, itolewe kwanza.