Namna ya kuwafuatilia viboko wa Ruaha Mkuu, masika na kiangazi

Wageni wakifika Pawaga huniuliza viboko wako wangapi. Nami huwauliza: mwezi gani? Aprili, mto ukiwa umejaa, unaweza kutembea kingo nzima usione hata sikio. Oktoba unasimama juu ya dimbwi moja na migongo imebanana humo, haina nafasi. Ni viboko walewale. Anayehesabu mara moja tu akaondoka na namba yake amepata habari za siku ile, hajapata habari za viboko.

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, mwanamke niliyezaliwa na kukulia hapa Pawaga, wilaya ya Iringa. Ninawaandikia vijana wanaoanza kazi hii kwenye jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, na walimu wenye klabu za mazingira shuleni. Hamhitaji vifaa vya gharama. Wataalamu wamewahi kuwavisha baadhi ya madume wa mto huu vifaa vya GPS, na kazi yao imetusaidia sana. Lakini wao huja na kuondoka. Sisi tunaoamka kando ya mto kila siku ndio tunaoweza kuona mwaka mzima.

Anza na mto, siyo mnyama

Ruaha Mkuu unaanzia milima ya Poroto na Kipengere, unashuka bonde la Usangu kule Mbarali, unatulia kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha unatokea N'giriama, kizingiti cha mwamba mwishoni mwa ardhioevu hiyo, na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukitoka huko unapita kwetu kuelekea bwawa la Mtera. Tangu mwaka 1993, kipande cha hifadhini hukauka kiangazi, kwa sababu maji mengi ya juu huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga na Ihefu yenyewe hushuka hadi maji yasivuke tena N'giriama. Kiboko anaishi kwa kufuata mabadiliko hayo. Kwa hiyo, kabla hujaandika habari zake, andika habari za maji.

Chagua kipande unachoweza kukitembea kwa asubuhi moja. Kitembee kiangazi, madimbwi yakiwa yanaonekana, uyape majina ambayo wenzako wanayajua: la Mkuyuni, la Mwamba Mweupe, la Kwa Wavuvi. Kila dimbwi lichukulie alama ya mahali kwa simu. Kisha tafuta jiwe au mwamba usiosogea ambao utauona kutoka juu ya ukingo, uwe kipimo chako: maji yamefunika jiwe lote, yamefika nusu, au jiwe liko nchi kavu. Usiingie majini kupima kina. Mamba wapo.

Halafu ruhusa. Ndani ya hifadhi ya taifa huwezi kuingia kufanya kazi hii bila TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, kujua. Ndani ya eneo la jumuiya, kama MBOMIPA yetu hapa Idodi na Pawaga, uongozi wake ndio wa kuuona. Kwenye ardhi ya kijiji mpe taarifa mtendaji. Ukitaka kuifanya iwe utafiti rasmi wa kuchapishwa, kuna taratibu za TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia.

Kuhesabu mchana

Mchana kiboko anakaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, ikikauka inapasuka. Muda mzuri ni kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hasa miezi ya baridi, Juni na Julai, ambapo wengi hutoka kuota jua mchangani na unawaona mwili mzima.

Nendeni wawili. Kaeni juu ya ukingo, upepo ukiwapiga usoni, mbali nao kadiri mnavyoweza kuwaona vizuri. Darubini ndogo inatosha. Kiboko mkubwa anaweza kuzama kama dakika tano, kwa hiyo hesabu ya kutupia macho haifai. Kaeni nusu saa. Kila baada ya dakika tano kila mmoja ahesabu kimyakimya na kuandika bila kumtazama mwenzake. Mwishoni mnachukua namba kubwa kuliko zote. Msijumlishe, wala msitafute wastani, kwa sababu makosa ya hesabu hii karibu yote ni ya kupunguza: waliozama hawaonekani, na asiyekuwepo huwezi kumhesabu.

Tenganisha ndama. Aliye chini ya nusu ya urefu wa mama yake mwandike peke yake. Wengi huzaliwa masika, majani yakiwa mengi, baada ya mimba ya miezi minane hivi. Ukiona ndama wengi mwezi wa pili na mwaka unaofuata mwezi huohuo huwaoni, hiyo ni habari nzito kuliko jumla yote ya dimbwi.

Wachache utawafahamu kwa sura: sikio lililochanika, kovu refu ubavuni, jino lililovunjika. Wapige picha, uchore alama kwenye daftari. Wanaofuatilia nyangumi wenye nundu, ambao hufika pwani yetu kuanzia kama Julai kuja kuzaa, nao huwatambua mmoja mmoja kwa madoa na michano ya chini ya mkia. Nyangumi na kiboko ni ndugu wa karibu kwa asili, na njia ya kuwajua inafanana: mtu avumilie hadi sura imkae kichwani. Hapa kwetu tuna dume mwenye sikio la kushoto lililokatika nusu. Kwa sababu yake tulijua kwamba dimbwi la juu likikauka, kundi lile halitawanyiki ovyo, linashuka upande unakoingia Ruaha Mdogo.

Usiku ndiyo nusu ya pili

Ukiishia kwenye hesabu ya mchana utajua anakolala tu. Chakula chake kiko nchi kavu. Anatoka jua likizama, anakula majani kwa saa tano au sita, anafikia kilo 40 hivi kwa usiku, na anarudi kabla ya kupambazuka. Majani yakiwa karibu, haendi mbali. Kiangazi kikikaza atatembea kilomita kadhaa, na hapo ndipo anapokutana na majaruba yetu.

Usimfuate usiku. Soma njia yake asubuhi. Njia ya kiboko ina mifereji miwili yenye tuta katikati, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana. Njia ya ng'ombe haina tuta hilo. Unyayo una vidole vinne vilivyotanuka. Kando ya njia utaona vichaka vimerushiwa mavi, maana hupunga mkia anapokunya, na mavi yenyewe ni nyasi tupu. Ya tembo huanguka mabonge, yana vijiti na magamba ya miti. Mahali alipokula panakuwa pafupi na sawasawa, kwa sababu anakata kwa midomo.

Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Saa 9 alasiri, jua likiwa bado kali na viboko wote wako majini, vunja tawi lenye majani, ufagie njia yake hatua kumi hivi mpaka vumbi lilainike. Fagia sehemu mbili: moja karibu na maji, nyingine mbele kwenye njia panda. Kesho yake usifike kabla ya saa 2 asubuhi. Utaona waliopanda, waliorudi, kama kulikuwa na mdogo nyuma ya mkubwa, na walipofika njia panda walielekea majanini au mpunga. Nyayo zikiwa na umande uliozitoboa matundu, zilikanyagwa mapema usiku. Kingo zikiwa kali na hakuna mdudu aliyekatiza juu yake, amepita alfajiri. Fanya hivyo katika njia zako zote kwa siku zinazofuatana, na utakuwa na ramani ya matumizi ya eneo ambayo darubini haitakupa.

Masika njia hii haifanyi kazi, matope yanafuta kila kitu. Hapo viboko wametawanyika kwenye vijito, mabwawa ya msimu na mbuga zilizojaa maji. Waulize wakulima na wafugaji, lakini usiulize "umeona viboko?" Uliza mara ya mwisho alimwona wapi, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Asiyekumbuka mahali, usimwandike.

Daftari

Kaunta buku lenye jedwali ulilochora mwenyewe linatosha: tarehe, saa, jina la dimbwi, hali ya jiwe la kipimo, mto unatiririka au umesimama, rangi na harufu ya maji, wakubwa, ndama, njia zenye nyayo mpya na zilikoelekea. Weka pia kama kuna ng'ombe, nyavu, pampu au shamba jipya karibu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Andika unachokiona, ugomvi waachie wenye mamlaka.

Harufu na rangi siyo mapambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mto wetu huu ulionyesha kwamba maji yakiacha kutiririka, mavi ya viboko hulundikana madimbwini, oksijeni hushuka, na samaki na wadudu hupungua. Samaki wakielea, hesabu ya viboko ya siku hiyo ina maana nyingine.

Na dimbwi tupu liandike sifuri. Vijana wengi huliruka, wanaona hakuna cha kuandika. Bila sifuri hizo huwezi kusema waliondoka lini.

Usipange ziara kwa tarehe peke yake. Nenda mara moja kila mwezi, lakini ongeza siku mto unapogeuka: wiki unapoacha kutiririka, wiki dimbwi la mwisho linapobaki, na siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, Novemba au Desemba. Mwendo mkubwa hutokea hapo.

Usalama

Usisimame kati ya kiboko na maji. Alfajiri usipite kwenye njia zake, maana anarudi kwa haraka, na nchi kavu anakimbia kuliko wewe, kama kilomita 30 kwa saa. Jike mwenye ndama usimsogelee hata akionekana amelala. Akifungua kinywa kukuelekea, ondoka.

Ukikuta mzoga, usiuguse, usiukate, wala usiruhusu mtu achukue nyama. Mwaka 2017 kimeta kiliua viboko wengi katika mto huu, na kimeta kinaua watu. Piga picha kwa mbali, toa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa wanyamapori na daktari wa mifugo.

Daftari likijaa, nakili kurasa mara mbili. Nakala moja ofisi ya kijiji, nyingine kwa jumuiya yenu au hifadhi. Mkulima aliyeliwa mpunga atahitaji ushahidi wa tarehe na njia alizopita mnyama anapodai kifuta jasho wilayani, na wale wanaogawa maji kule juu wanapaswa kuoneshwa, dimbwi kwa dimbwi, siku ambayo mto ulisimama na viboko wakahama.