Gurami: Chupa ya Infusoria Itangulie, Mayai Yafuate

Simu ninayopigiwa ni ile ile, awe mfugaji wa Kisauni, wa Mikindani au wa Likoni. Gurami wake, samaki wa tangi la mapambo, wametaga, mayai yameanguliwa, nyumba nzima imesimama mbele ya tangi kutazama vifaranga. Siku ya sita ananiambia wamekwisha wote, na anataka nimtajie dawa. Mmoja analaumu maji ya mfereji, mwingine anasema jike alikuwa mchanga, na wako walioniambia ni jicho la jirani aliyekuja kutazama akasifu bila kusema mashallah.

Hapana. Vifaranga wale wamekufa njaa. Wamekufa njaa na chakula kimejaa tangini, kwa sababu chakula hicho hakiingii mdomoni mwao.

Sitawafundisha namna ya kumtambua dume kwa pezi lake la mgongoni lililochongoka, wala namna ya kunenepesha wazazi kabla ya kuwakutanisha. Hayo mnayajua. Mnajua pia kwamba jike hutolewa mara akishamaliza kutaga, kabla dume hajamrarua mapezi. Kinachowatia hasara ni kitu kimoja: mnaanza kufikiria chakula cha vifaranga siku mnayowaona wanaogelea. Siku hiyo mmeshachelewa.

Tazameni hesabu yenyewe. Kifaranga wa gurami anapoanza kuogelea ana urefu wa kama milimita 3, na mdomo wake ni tundu ambalo jicho halilioni. Atemia, yaani kamba mdogo sana wa maji ya chumvi, akianguliwa leo ana karibu nusu milimita. Chembe ya chakula cha dukani, hata ukiisaga kwenye kinu hadi ikawa vumbi, bado huwa kubwa mno kwa mdomo huo na haitembei, na kifaranga huyu hukimbilia kinachotembea. Anachoweza kumeza ni infusoria, yaani vijidudu vya maji vya sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita. Havimo kwenye pakiti ya dukani. Unavikuza mwenyewe, na kwa joto letu la Mombasa vinahitaji siku nne hadi sita ndipo viwe vingi vya kutosha.

Kiini cha mayai kinamlisha kifaranga siku mbili tatu tu baada ya kuanguliwa. Kikiisha, hana akiba. Hafi siku hiyo. Anaendelea kuogelea siku mbili zaidi, nawe unadhani mambo ni shwari. Kisha asubuhi moja unawakuta chini, weupe kama nyuzi. Ndiyo maana lawama huangukia maji: kifo hakiji siku kosa lilipofanyika.

Kuna jambo ambalo nataka kila mfugaji alifanye angalau mara moja. Usiku, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu ubavuni mwa tangi, na utazame kifaranga mmoja kwa kioo cha kukuzia, kile cha kusomea maandishi madogo. Aliyeshiba ana kitumbo cha mviringo, cha kijivu kinachong'aa, nyuma tu ya macho. Mwenye njaa ni macho mawili na sindano. Pale tumboni unaona hadi upande wa pili. Kijana mmoja niliyemwonyesha haya nyumbani kwake alinyamaza muda mrefu, maana tangi lile lilikuwa na vifaranga mia kadhaa na hatukumpata hata mmoja mwenye kitumbo. Wakati huo chini ya tangi kulikuwa na tabaka la njano la kiini cha yai la kuku.

Na hili la kiini cha yai nitalisema kwa ukali. Acheni kulipondaponda yai la kuchemsha na kulimwaga tangini kwa kijiko. Maji ya nyuzi 28 hadi 30 yanaliozesha kwa saa chache, pumzi ya maji inakwisha, na vifaranga waliokuwa na siku moja ya uhai unawapunguzia hiyo moja. Nimekuta tangi linanuka kuanzia mlangoni, na mwenyewe anaongeza yai kwa sababu "hawajashiba".

Sasa chupa. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa ya lita 5, ikate shingo, utie lita 3 za maji ya tangi lako la zamani, lile lenye samaki na lenye ukungu wa kijani ukutani. Usitumie maji mapya ya mfereji, kwa kuwa klorini itaviua vijidudu kabla havijazaana. Usitumie ya kisima pia ukionja chumvi ndani yake, na visima vyetu vingi kisiwani vina chumvi. Tia kipande kimoja cha ganda la ndizi mbivu, urefu wa sentimita 5, au jani moja la saladi lililomwagiwa maji ya moto kwa dakika moja. Kimoja. Mkitia maganda matatu mnapata uozo, na uozo hauzai ila harufu. Ongeza nusu ya jani kavu la mti wa mkungu, ule uzaao kungu, lile jekundu lililoanguka lenyewe. Mikungu iko kila mtaa na jani hilo hubeba vijidudu vingi likianza kulainika. Funika kwa kipande cha leso na ukaze kwa mpira, hewa iingie na mbu asitage humo. Weka penye mwanga, pasipopigwa na jua moja kwa moja.

Siku ya pili maji yatakuwa meupe kama tui jepesi na yatanuka. Usiyamwage! Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Weupe ule ni bakteria, na bakteria ndio chakula cha infusoria. Siku ya nne au ya tano maji yanaanza kuwa angavu tena, harufu inapungua, na ukimulika tochi unaona vumbi linalotembea lenyewe, hasa karibu na uso wa maji. Vumbi hilo ndilo unalolitaka.

Mpangilio wa siku ushikeni kama ulivyo. Jumatatu unaanza chupa ya kwanza. Alhamisi unaanza ya pili, na jioni hiyo ndipo unapowaweka dume na jike pamoja. Wakitaga Jumamosi, mayai yanaanguliwa baada ya saa 24 hadi 36, yaani Jumapili au alfajiri ya Jumatatu. Jumapili hiyo anza chupa ya tatu. Jumatano vifaranga wanaachana na kiota cha mapovu, kile alichokijenga dume juu ya maji, na kutawanyika; dume atolewe siku hiyo hiyo, maana akiona wamemtoroka ataanza kuwala. Jumatano hiyo chupa ya kwanza ina siku tisa, ya pili ina siku sita, nawe una chakula mkononi kabla hawajakihitaji. Gurami wasipotaga hadi Jumatatu inayofuata, anza chupa nyingine. Usitegemee ya wiki mbili, kwani vijidudu vimeshakula chakula chao na kufa.

Tangi la kuzalishia la sentimita 60 kwa 30, maji yawe kina cha sentimita 15 na yasizidi, yaani lita 27. Kwa kiasi hicho lisha mililita 100 mara nne kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9 alasiri na saa 12 jioni. Vuta kwa bomba la sindano kutoka sehemu ya juu ya chupa, usiguse masimbi ya chini, upitishe kwenye kitambaa chepesi, kisha uyatie maji hayo polepole kwenye pembe nne za tangi. Kifaranga hasafiri kutafuta chakula, kwa hiyo chakula kimfuate alipo. Leo chupa moja, kesho nyingine iliyokomaa, na kila unachotoa rudishia kiasi hicho hicho cha maji ya tangi la zamani. Usiruke lishe ya saa 9 kwa sababu uko kazini. Mwachie mtoto wa nyumbani bomba lililokwisha pimwa.

Endelea hivyo siku 7 hadi 10 kwa gurami wa buluu, Trichopodus trichopterus, ambaye ndiye mwepesi kuliko wote na jike mmoja huweza kutaga mayai mamia kadhaa, hata kufikia elfu. Gurami kibeti, Trichogaster lalius, vifaranga wake ni wadogo zaidi: mpe infusoria wiki mbili kamili. Kisha atemia, lakini msikate ghafla. Siku tatu wapewe vyote viwili, na usiku utazame kwa tochi: kitumbo kikiwa cha rangi ya chungwa, ameweza kumeza. Asiyeweza bado anahitaji chupa.

Kwa atemia sisi wa pwani tumebarikiwa maji. Lita 1 ya maji ya bahari yaliyochujwa, robo ya kijiko cha chai ya mayai ya atemia, pampu ya hewa ikipuliza kwa nguvu kutoka chini, na baada ya saa 24 kwa nyuzi 28 wameanguliwa. Chota maji bahari ikiwa imejaa, upande wa wazi wa Nyali au Bamburi, si kwenye hori la Tudor panapoingia maji machafu. Waoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuwalisha, na lisha kidogo kidogo, kwa kuwa ndani ya maji ya tangi hufa kwa saa chache.

Kifuniko. Wiki ya tatu hadi ya nne kifaranga anaota kiungo cha kupumulia hewa ya juu, na hewa anayoivuta ni lazima iwe na joto na unyevu kama maji yenyewe. Kioo kifunike tangi lote. Wengi mnaliacha wazi kwa kuwa Mombasa kuna joto, kisha feni inazunguka juu yake usiku kucha, au kusi la Julai linaingia dirishani. Wakianza kupanda juu kunywa hewa bila kufa, mmevuka.

Na wewe unayesoma haya ilhali mayai yako tayari kwenye kiota na huna chupa hata moja: una siku tatu nne, usizipoteze. Kamua sponji ya kichungi cha tangi la zamani ndani ya ndoo ya maji yake, uyaache yatulie nusu saa, na uchote ya juu. Tafuta maji ya kijani, yale ya beseni au ndoo iliyokaa juani nyuma ya nyumba bila sabuni, uyachuje kwa leso uondoe viluwiluwi vya mbu. Tia tangini majani mawili ya mkungu leo, si siku wanapoogelea. Muulize mfugaji mwenzako nusu lita ya chupa yake iliyokomaa, umimine kwenye lita 2 za maji yako. Ukiwa na mbegu hai, siku mbili tatu zinatosha. Na ukikosa vyote, kiini cha yai kiwe ukubwa wa kichwa cha njiti ya kibiriti, kikorogwe ndani ya glasi nzima ya maji, na uingize matone kumi tu kila safari, ukinyonya mabaki ya chini kwa mpira wa hewa kila jioni hadi chupa yako iwe tayari.