Namna ya Kutafuta na Kutumia Rekodi za Talaka Mombasa

Anayehitaji rekodi ya talaka Mombasa ajiulize kwanza ndoa yenyewe ilifungwa kwa taratibu gani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na aina ya ndoa ndiyo huonyesha talaka ilitolewa wapi na faili lake limewekwa wapi. Kenya haina daftari la wazi mtandaoni ambamo mtu huandika jina la mwenziwe akajua kama amewahi kuacha au kuachwa. Tovuti zinazodai kuuza habari hizo ni za kuepukwa.

Kwa ndoa ya Kiislamu, pa kuanzia ni Mahakama ya Kadhi, ambayo kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa akivunja ndoa hutakiwa kupeleka nakala ya uamuzi kwa Msajili wa Ndoa. Lakini mume akitamka talaka nyumbani na asiwepo aliyekwenda kuiandikisha, hakuna karatasi ya kutafuta. Itabidi mmoja wao afike mbele ya Kadhi na mashahidi wake ili talaka ithibitishwe kwanza. Ndiyo sababu kukosekana kwa rekodi hakuthibitishi kwamba mtu hajawahi kuacha, jambo ambalo wazazi wanaomchunguza mchumba wa binti yao wanapaswa kulizingatia.

Ndoa nyingine huvunjwa na mahakama ya hakimu, ingawa mafaili mengi ya zamani yamo Mahakama Kuu. Faili hubaki katika mahakama kesi ilikofunguliwa, wala halimfuati mtu anapohamia, kwa hiyo aliyekuwa akiishi Mtwapa au Ukunda asishangae kuelekezwa Shanzu, Kilifi au Kwale baada ya kulikosa mjini. Nenda masjala ukiwa na kitambulisho, majina kamili ya wote wawili kama yalivyo katika cheti cha ndoa, na nambari ya kesi pamoja na mwaka wake. Usipokuwa na nambari, wakili aliyeshughulikia kesi huenda bado anayo. La sivyo, mwaka wa kukisia utamsaidia karani kupekua madaftari. Malipo yafanywe kwa njia rasmi ya mahakama na risiti itunzwe, na wale wanaojitolea nje ya lango kukuharakishia mambo waachwe na shughuli zao.

Asiyekuwa mhusika wa kesi aandike barua ya kueleza haja yake, kwa mfano kwamba yeye ni mrithi wa mmoja wao, kisha asubiri uamuzi. Masharti haya si usumbufu wa bure: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya ndoa ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Hukumu zinazochapishwa katika tovuti ya Kenya Law zinaweza kusomwa na yeyote, lakini katika kesi za kifamilia majina mara nyingi hufupishwa kuwa herufi za mwanzo. Zinafaa kwa kujifunza namna mahakimu na majaji wanavyoamua, si kwa kumtafuta jirani.

Ukishaipata karatasi, isome kwa makini kabla ya kuondoka dirishani. Katika mahakama za kawaida, amri ya muda haijavunja ndoa. Kinachotakiwa ni amri kamili, na anayetaka kufunga ndoa ya kiserikali upya huulizwa hiyo. Katika karatasi ya Kadhi, angalia kama talaka ni rejea (mume anaweza kumrudia mke ndani ya eda, yaani muda wa mke kungoja baada ya talaka) au baini (isiyo na kurudiana kwa namna hiyo), kama ni khului (mke amejivua ndoa kwa kurudisha mahari au kutoa mali) au faskhi (ndoa imevunjwa na Kadhi), na ilitamkwa tarehe gani, kwa sababu tarehe ya kutamkwa na ya kuandikishwa zinaweza kupishana kwa miezi. Tofauti hiyo ni nzito. Mume akifa mke wa talaka rejea akiwa bado ndani ya eda, mke huyo anarithi. Eda ikiwa imekwisha, harithi. Ugomvi wa mirathi unaweza kusimama juu ya tarehe hiyo moja.

Kwa matumizi rasmi, omba nakala iliyothibitishwa, yenye saini, tarehe na muhuri wa mahakama. Picha ya simu haitoshi. Inayokwenda nje ya nchi hupelekwa pia Wizara ya Mambo ya Nje kuidhinishwa, halafu ubalozi wa nchi husika, na ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili huenda ikahitaji tafsiri rasmi. Jina lililokosewa herufi lisahihishwe na mahakama iliyotoa amri kabla ya safari hiyo yote.

Usitarajie karatasi ya talaka ikugawie nyumba. Mali ya ndoa ina sheria yake ya mwaka 2013, na malezi ya watoto huenda yaliamuliwa katika faili jingine kabisa, hivyo anayetaka kubadilisha hati ya kiwanja au kudai matunzo aulize masjala kama kuna amri tofauti kuhusu mambo hayo, na aombe nakala yake pia.