Buti Zitangulie Kuvaliwa Nyumbani

Ukipata tiketi ya shoo ya kikauboi Houston, Marekani, kama zile za Beyoncé pale uwanja wa NRG tarehe 28 na 29 Juni 2025, anza na miguu. Buti mpya za ngozi zinakwangua kisigino, na shoo ya namna hiyo ni saa nyingi za kusimama na kucheza. Zivae nyumbani jioni jioni kwa wiki kadhaa, ukiwa na soksi ndefu nene, mpaka ngozi ilegee. Beba na plasta za vidonda. Kwa kweli hili pekee linaweza kuokoa usiku wako mzima.

Kofia pana ni raha, na katika mji aliozaliwa Beyoncé, ambako uwanja huohuo hupokea rodeo kubwa (mashindano ya makauboi ya kupanda farasi na fahali) kila mwaka, itakufaa sana. Ila ikivuka mabega inamziba aliye nyuma yako, naye kalipa kama wewe. Ivue shoo ikianza.

Mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, la sivyo utarudishwa mlangoni.

Usafiri: treni ya METRORail, njia nyekundu, inashusha kituo cha Stadium Park/Astrodome, hatua chache tu. Nunua nauli ya kurudi mapema, maana foleni baada ya shoo ni ndefu. Na kunywa maji kabla hujatoka. Juni ya Houston ina joto la unyevu kama la Dar mwezi Februari, ingawa ndani ya uwanja kuna kiyoyozi.