Safari ya familia kwenye bustani ya burudani: yapi ya kupanga mapema na yapi ya kuacha wazi

Wako wazazi wanaoamini kwamba familia haiwezi kufurahia bustani kubwa ya burudani bila ratiba ya saa kwa saa, na wako wanaoona kwamba ratiba ya namna hiyo huwageuza watoto kuwa vibarua wa zamu. Mabishano hayo huchukulia safari kama uamuzi mmoja, ilhali ndani yake mna maamuzi mengi yasiyo na uharaka sawa. Kwa hiyo ninashauri kila uamuzi uchukuliwe peke yake na kuulizwa swali hili: nikiuacha hadi asubuhi ya siku yenyewe, nitapoteza nini? Ikiwa utakachopoteza ni nafasi isiyopatikana tena au fedha nyingi, panga mapema na upange kwa kina. Ikiwa ni usumbufu mdogo tu, uache wazi, hata kama wewe ni mtu wa kupenda kila kitu kiandikwe.

Jambo la kwanza ni kuijua bustani yenyewe, kwa sababu zimejengwa kwa namna tofauti na haziwezi kutembelewa kwa mtindo mmoja. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, iko katikati ya jiji, na mgeni anaweza kulipa kiingilio peke yake kisha akalipia kila mchezo anaoupenda. Familia iliyokuwa ikitembea mjini jioni inaweza kuingia humo bila maandalizi yoyote, watoto wakapanda michezo miwili, wakazitazama taa na kuondoka bila mtu kuhisi kwamba amepata hasara. Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni habari nyingine kabisa. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 100, lina bustani kuu nne zinazojitegemea, na safari ya basi kutoka moja hadi nyingine, pamoja na kusubiri kituoni, huweza kumaliza sehemu nzuri ya asubuhi. Anayefika hapo bila kujua ataanzia bustani gani ameshaanza kupoteza muda aliolipia. Disneyland Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, iko kati ya hizo mbili: ni kubwa na ina foleni, lakini kituo cha treni cha Marne-la-Vallée–Chessy kipo karibu na lango lake, hivyo familia ambayo tayari iko Paris inaweza kuamua leo na kwenda kesho, mradi tiketi za siku hiyo zipo.

Umbali pia uhesabiwe. Familia inayoishi mwendo wa saa moja kutoka bustanini, hasa yenye tiketi ya mwaka, inaweza kwenda kwa ghafla mara nyingi kwa sababu siku ikiharibika kuna siku nyingine. Familia itakayovuka bahari haina fursa hiyo ya kurudia, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri unaofuata inaihusu zaidi.

Milango inayofungwa mapema

Tarehe ndiyo uamuzi wenye uzito kuliko yote. Walt Disney World imekuwa ikiuza tiketi kwa bei zinazobadilika kulingana na tarehe tangu mwaka 2018, na bustani nyingine nyingi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo familia ileile inaweza kulipa kiasi tofauti sana kwa bustani ileile kwa kusogeza safari wiki mbili tu. Wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya hujaza bustani za Marekani kupita kiasi. Nchini Japani, Tokyo Disneyland hufurika wakati wa mfululizo wa sikukuu za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Kama watoto wenu hawajaanza shule, nendeni katikati ya wiki wakati shule za nchi hiyo zimefunguliwa, kwani hakuna ujanja mwingine wa kupunguza foleni unaoukaribia huo. Pia angalieni hali ya hewa: msimu wa vimbunga katika eneo la Atlantiki, unaoihusu Florida, huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na anayesafiri katika miezi hiyo achague hoteli na tiketi za ndege zinazoruhusu kubadilishwa.

Wanaohitaji viza wana kalenda nyingine inayotangulia zote. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yanatakiwa yawe yamewasilishwa angalau siku 15 kabla. Sishauri mtu yeyote kulipia tiketi za bustani zisizorejeshewa fedha kabla viza za familia nzima hazijatoka, hata kama bei ya siku hiyo inavutia kiasi gani.

Baada ya tarehe huja vitu vyenye idadi maalumu. Kwenye mikahawa ya Walt Disney World, meza huanza kuwekewa nafasi siku 60 kabla, na zile ambazo wahusika wa hadithi hupita kusalimiana na watoto huisha upesi. Lightning Lane, ambayo ni njia ya kulipia inayompitisha mgeni kwenye foleni fupi, hufunguliwa siku 7 kabla kwa wanaolala katika hoteli za Disney zilizomo humo, na siku 3 kabla kwa wengine. Zingatia kwamba taratibu hizi hubadilika mara kwa mara. FastPass, mfumo wa bure wa kupita foleni fupi ulioanza mwaka 1999, haupo tena, na anayefuata maelekezo ya ndugu aliyekwenda miaka kumi iliyopita atafika akisubiri huduma iliyokwisha kuondolewa. Soma tovuti ya bustani yenyewe, na uisome tena wiki moja kabla ya safari, kwa sababu hapo ndipo hutangazwa michezo iliyofungwa kwa matengenezo na siku ambazo lango hufungwa mapema kwa ajili ya hafla maalumu.

Pimeni watoto kabla ya kuahidi lolote. Simamisha mtoto ukutani akiwa wima, weka alama na uandike sentimita zake, kisha linganisha na masharti ya michezo anayoitamani. Mchezo wa Space Mountain ulio Magic Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Walt Disney World, unataka urefu wa sentimita 112, ilhali mchezo wa jina hilohilo katika Disneyland Paris, unaojulikana sasa kama Hyperspace Mountain, unataka sentimita 120, kwa hiyo mtoto wa sentimita 115 atakubaliwa kwenye mmoja na kukataliwa kwenye mwingine. Mhudumu aliyesimama na kijiti cha kupimia hana ruhusa ya kumhurumia mtoto, kwa kuwa vizuizi vya viti vimetengenezwa kwa maumbo ya kuanzia urefu fulani. Ni afadhali mtoto apate habari hiyo nyumbani, mapema, pamoja na orodha ya michezo anayoruhusiwa, kuliko aipate baada ya kusimama kwenye foleni kwa dakika 50. Ikiwa mmoja anatosha na mwingine hatoshi, ulizeni mlangoni kuhusu utaratibu wa wazazi kupokezana: mzazi mmoja hupanda huku mwenzake akibaki na mdogo, kisha wa pili hupanda bila kuanza foleni upya. Bustani kubwa nyingi zinao.

Kwa nini saa mbili za kwanza zipangwe

Watu wengi hudhani foleni hukua polepole kadiri watu wanavyoingia. Haikui hivyo. Chukua mchezo unaoweza kubeba watu 1,000 kwa saa. Lango linafunguliwa saa 3 asubuhi, na katika saa ya kwanza wanafika watu 600, kwa hiyo kila mmoja anapanda bila kungoja. Kuanzia saa 4 hadi saa 6 wanafika watu 1,500 kila saa. Kila saa wanabaki 500 ambao hawajapanda, na ifikapo saa 6 mchana foleni ina watu 1,000, ambao watahitaji saa nzima kuisha. Tuseme baada ya hapo msongamano unapungua na wanafika 1,000 tu kila saa: foleni haitapungua hata kwa mtu mmoja, kwa sababu wanaoingia ni sawa na wanaotoka. Ndiyo maana anayefika saa 8 mchana husubiri saa nzima ingawa haoni tena watu wakimiminika langoni, na ndiyo maana kuchelewa kwa dakika 40 asubuhi kunaweza kukugharimu saa kadhaa hadi jioni.

Kwa sababu hiyo, asubuhi ndiyo sehemu ya siku inayostahili ratiba kali. Fika langoni dakika 45 kabla ya muda wa kufungua, tiketi zikiwa tayari kwenye simu na simu ikiwa imejaa chaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kila mwanafamilia ataje mchezo mmoja tu ambao akiukosa ataumia, na majina hayo yaandikwe kwenye karatasi moja pamoja na ramani. Anzeni na ule wenye foleni ndefu zaidi kwa kawaida, kisha ule ulio jirani nao, kwa kuwa kukimbilia upande wa pili wa bustani huteketeza faida yote ya kuamka mapema. Familia ikikamilisha michezo mitatu au minne ya karatasi hiyo kabla ya saa 5, siku hiyo imefaulu, na mengine yote ni nyongeza.

Baada ya hapo, legezeni kamba

Kuanzia saa 5 mchana sioni sababu ya kuendelea na ratiba, na hapa ninatofautiana na wapangaji wanaojaza kila robo saa. Mtoto wa miaka mitano anaweza kutaka kupanda farasi wa kuzunguka mara tatu mfululizo, au kusimama akiangalia bata kwenye bwawa wakati mchezo mliousafiria maili elfu uko nyuma yake. Mwacheni. Kama foleni ya farasi hao ni ya dakika tano, mmetumia robo saa kumpa kile alichokichagua mwenyewe, na hiyo ndiyo furaha iliyowatoa nyumbani. Kilio kingi cha alasiri husababishwa na njaa, jua na miguu iliyochoka, si michezo iliyokosekana. Kuleni kabla wengine hawajafikiria kula. Kama hoteli iko karibu, rudini mkapumzike mchana na kurejea jioni. Huko Florida, mvua za radi za alasiri wakati wa majira ya joto hufungisha michezo ya nje kwa muda, na familia yenye nafasi wazi huingia kwenye maonyesho ya ndani bila kulalamika, wakati yenye ratiba kali huanza kugombana.

Uhuru huo unahitaji maandalizi madogo mawili. Tengeni kiasi cha fedha ambacho kila mtoto mkubwa atakitumia apendavyo bila kuomba ruhusa, ili maombi ya kila duka yasigeuke kuwa kesi. Na kubalianeni mapema nani ana neno la mwisho watoto wanapotaka vitu tofauti, au mgawanyike makundi mawili na kutaja mahali na saa ya kukutana. Kukaa pamoja siku nzima hakulazimiki.

Mkiamua kwenda ghafla

Kuna nyakati ambapo safari ya papo kwa papo ndiyo bora: shule imefungwa siku moja, hali ya hewa ni nzuri, na bustani iko karibu. Hata hivyo, dakika ishirini za kuangalia mambo machache kabla ya kutoka haziondoi raha ya ghafla. Hakikisheni bustani imefunguliwa na inafungwa saa ngapi, kama tiketi za siku hiyo bado zinauzwa, na kama zinapatikana langoni au mtandaoni tu. Baadhi ya bustani hutaka pia nafasi ya siku iwekwe mbali na tiketi, na kwingine sharti hilo limeondolewa, kama Walt Disney World ilivyofanya mwaka 2024 kwa tiketi za kawaida zenye tarehe. Watoto chini ya miaka 3 hawalipi huko wala Disneyland Paris, jambo linaloweza kubadilisha hesabu ya familia changa.

Mkishaingia, msiifukuzie michezo maarufu saa za mchana. Kaeni kwenye maonyesho, magwaride na michezo midogo, na vijana wasiojali kukaa mbali na wenzao watumie foleni ya mtu mmojammoja pale ilipo, ambayo hujaza viti vilivyobaki wazi na mara nyingi huenda haraka zaidi. Meza zilizokuwa zimejaa huachiliwa wengine wanapoghairi, kwa hiyo angalieni programu ya simu mara kwa mara siku hiyo. Kisha saa ya mwisho ikikaribia na wengi wakiwa wamejipanga kutazama fataki, elekeeni kwenye mchezo mkubwa mliouacha. Katika bustani nyingi, aliyeingia kwenye foleni kabla ya muda wa kufunga huruhusiwa kupanda hata muda ukishapita, lakini muulizeni mhudumu kwanza, na mjue basi au treni ya mwisho inaondoka saa ngapi.