Somo: Gitaa la umeme la mapajani kutoka kwenye banzi la mwembe

Mashine za kupasua mbao hubakiza mabanzi, zile mbao za kwanza za ubavuni mwa gogo ambazo upande mmoja bado una gome. Nyingi huishia kuwa kuni. Banzi la mwembe ndilo linalodharauliwa zaidi, kwa kuwa mti huo hushikwa na bungua upesi na nyuzi zake zimepindapinda. Mimi nautetea kwa moyo wote. Kwa gitaa la umeme, banzi nene la mwembe lililokauka sawasawa linatosha kabisa.

Sababu ni hii. Gitaa la kawaida hutegemea ubao mwembamba utetemeke ndipo usikie sauti. La umeme lina sumaku na koili inayonasa mtetemo wa uzi wenyewe wa chuma. Gitaa la umeme la Rickenbacker lililotoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, lile watu waliloliita Frying Pan, lilikuwa la alumini na lilipigwa likiwa limelazwa mapajani. Kwa hiyo mti wetu tunautaka kwanza ukae imara chini ya nyuzi, usipinde wala kupasuka. Ndiyo maana kazi kubwa ya somo hili ni kukausha.

Hatua ya 1: Kuchagua na kukausha

Tafuta banzi la urefu wa sentimita 95, upana 15 hadi 20, na unene utakaobaki sentimita 4 baada ya kuranda. Likiwa na vitundu na unga laini unaodondoka, limeshabunguliwa, liache hapo hapo. Bandua gome siku hiyo hiyo, maana wadudu hujificha chini yake. Vaa glavu: utomvu wa mwembe huwasha, na baadhi ya watu huvimba ngozi.

Ncha zote mbili zipake rangi ya mafuta au nta. Maji hutoka nchani haraka kuliko ubavuni, ndiyo maana ncha hupasuka kwanza. Lilaze juu ya vijiti, kivulini, penye upepo. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani, na banzi litapinda.

Utajuaje limekauka? Lipime kwenye mizani ya dukani kila wiki na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Mwanzoni utashuka kwa kasi, baadaye gramu chache chache. Ukigoma kushuka kwa wiki nne mfululizo, na si majira ya mvua, anza kazi. Kwa unene huu hesabu miezi. Hatua hii haina njia ya mkato.

Hatua ya 2: Kuranda na kuchora

Randa uso uwe bapa kabisa, na mgongo kiasi cha kutoyumba. Pembeni acha umbo la mti. Shingo na mwili ni ubao mmoja, hakuna kuunga. Sehemu ya kichwa ipunguze unene kwa sentimita 1.5 ili nyuzi zishuke na kukandamiza daraja la kichwani, yaani kile chuma kinachoinua nyuzi.

Kati ya daraja la kichwani na la mkiani pima milimita 640. Gitaa hili halina vyuma vya shingoni, tunachora mistari tu ya kuonyesha mahali pa kila noti. Gawa 640 kwa 17.817, unapata 35.9: hapo ndipo mstari wa kwanza. Kilichobaki, 604.1, kigawe tena kwa 17.817, na kuendelea hivyo hivyo. Jikague: mstari wa 5 uangukie 160.5, wa 7 uangukie 213, na wa 12 katikati kabisa, 320.

Hatua ya 3: Madaraja na funguo

Kata vipande viwili vya nondo laini ya milimita 12, uvilaze kwenye mifereji ya kina cha milimita 2. Kwa tupa, weka alama tatu za nyuzi zilizoachana milimita 11. Funguo za kukazia chukua kwenye gitaa bovu. Mkiani toboa matundu matatu, nyuzi ziingilie nyuma, na kila moja izuiwe na washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu.

Hatua ya 4: Koili

Kinshasa, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono N°1 alitumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu kuipa likembe, ala ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba, sauti ya umeme. Nasi tunafuata njia hiyo.

Kata vibapa viwili vya plastiki ngumu, upitishe bolti tatu za chuma za milimita 5, kila moja chini ya uzi wake. Zizungushie utepe, la sivyo meno ya bolti yatakwangua waya. Waya uwe wa shaba wenye vanishi, unene milimita 0.063 hivi. Wa feni ni mnene mno.

Kuzungushia tumia kile kifaa cha cherehani cha kujazia bobini. Kwanza hesabu bobini inazunguka mara ngapi kila gurudumu likizunguka mara moja, kisha utahesabu gurudumu tu. Waya upite katikati ya vidole ukiwa umelegea kidogo, maana ukiuvuta hukatika. Lenga mizunguko 6,000. Ukipima kwa mita upate kilo-omu 2 hadi 4. Isiposoma chochote, waya umekatika. Izamishe koili kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Bila nta, koili hupiga mluzi ukiongeza sauti. Mwisho, bandika sumaku ndogo chini ya kila bolti, ncha za aina moja zikitazama juu.

Hatua ya 5: Waya na nyuzi

Chonga shimo la koili sentimita 5 kutoka daraja la mkiani, ulitandaze foili. Waya mmoja wa koili uende kwenye ncha ya jeki ya milimita 6.35 (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya), wa pili kwenye athi yake, yaani upande wa ardhi. Foili na nondo ya mkiani navyo viunge kwenye athi. Bolti za koili ziwe milimita 3 chini ya nyuzi.

Tumia nyuzi za gitaa la umeme za A, D na G. Ya A ilegeze hadi noti ya G, upate G-D-G. Telezesha kichupa cha glasi juu ya mstari, bila kukandamiza uzi hadi kwenye ubao.

Maswali ya wanaofuata somo hili

Fundi, naweza kutumia mshipi wa kuvulia?
Kwa koili hii hapana, sumaku haiujui mshipi. Ukitaka mshipi, bandika piezo, kile kibati kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, chini ya daraja badala ya koili.

Shikamoo mwalimu. Huku kwetu Pangani minazi ndiyo tele. Mnazi unafaa?
Marahaba. Unafaa, lakini chukua sehemu ya nje ya shina la mnazi mzee. Ya ndani ni laini, skrubu hazishiki. Noa msumeno mara kwa mara, mnazi humaliza meno.

Langu linanguruma, nikigusa nyuzi halinyamazi, ila nikigusa chuma cha jeki linanyamaza. Nimekosea wapi?
Athi ya nondo ya mkiani haijashika. Kwangua kutu, ulehemu upya.

Nyumba yetu haina waya wa athi. Nitapigwa shoti?
Swali zuri sana. Nyuzi zimeungana na bodi ya amplifaya, na amplifaya mbovu inaweza kuua. Tumia ya betri mpaka fundi umeme aweke athi.

Banzi langu limepata ufa mdogo nchani. Nilitupe?
Usilitupe. Kama ufa haufiki sehemu ya funguo, kata kipande hicho, paka nta upya na uendelee kupima uzito.