Kupanda majani juu ya dale ya nyumba, Goma

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye dale ya beto, yaani paa la zege. Mwenye paa la mabati asijaribu. Mbao zilizo chini hazikupigiwa hesabu ya mzigo huo, na bati ambalo tayari linaliwa na mvua yenye asidi ya moshi wa volkano ya Nyiragongo litaoza upesi zaidi likilaliwa na udongo wenye unyevu.

Kati ya faida za paa la namna hii, wengi hutaja ubaridi kwanza. Goma, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto si shida kubwa, ingawa chumba cha chini ya dale hupata nafuu mchana. Faida yenyewe ni maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1, kwa hiyo dale ya mita mraba 40 ikipigwa na mvua ya milimita 20 inamwaga lita 800 barabarani. Paa lenye majani hushika sehemu ya maji hayo, na mimea huyarudisha hewani.

Kama familia inakinga maji ya paa kwenye tangi, acheni nusu ya dale wazi. Maji yanayopita kwenye udongo hupungua na kutoka na rangi ya chai. Ya kumwagilia ndiyo, ya kunywa hapana.

1. Uzito

Mwite enjinia aangalie dale, nguzo na nyufa. Umpelekee namba. Kata bidoni ya lita 20 juu, itoboe chini, ijaze mchanganyiko wako, iloweshe mpaka maji yatoke, iache ichuruzike saa 2, kisha uipime kwa mizani ya wauza maharage. Kila sentimita 10 za kimo ni bidoni 5 kwa mita mraba, basi zidisha kwa 5. Udongo mtupu wa shamba ukilowa hukaribia kilo 36 kwa bidoni, yaani kilo 180 kwa mita mraba. Hapo ndipo dale nyingi za nyumba zinaposhindwa.

2. Kuzuia maji

Hapa usikimbizwe na mtu. Kosa la hatua hii huonekana miezi kadhaa baadaye, udongo wote ukiwa juu tayari, na dawa yake ni kuushusha wote.

Dale iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kama ni tambarare, rekebisha kwa simenti kwanza, ukihesabu uzito wake pia. Kisha weka tabaka mbili za karatasi ya lami ya kuchoma kwa moto, zipishane sentimita 10, zipande ukutani sentimita 15 juu ya kimo cha udongo utakaokuja. Kona ndizo huvuja, wala si katikati. Lami ya kupaka kwa brashi peke yake siipendekezi kwa paa la namna hii, hata fundi akiapa.

Sasa jaribu. Ziba matundu, jaza maji sentimita 5 (kilo 50 kwa mita mraba), yaache saa 48. Weka beseni la maji palepale juu ya dale na utie alama kwenye kimo cha beseni na cha dale. Jua na mvua vitagusa vyote viwili sawasawa, hivyo maji ya dale yakishuka kuliko ya beseni, kuna mahali yanapita. Ingia chumbani chini, utafute doa la unyevu au chumvi nyeupe. Ziba, rudia jaribio lote.

Mizizi hutoboa lami. Tandika juu yake nailoni nzito ya kipande kimoja, kwa sababu maungio ndiyo mlango wa mizizi. Bashi (maturubai) za kufumwa hazifai. Na hapa Goma kuna adui mwingine: jiwe la volkano hukata kama kioo. Chini na juu ya nailoni weka zulia kuukuu la plastiki. Blanketi la pamba litaoza.

3. Mawe ya kupitisha maji

Usichukue mawe ya mtiririko wa lava wa 2002, ni mazito. Tafuta kokoto nyepesi zenye matundu, nyekundu au nyeusi, zinazochimbwa kwenye vilima vidogo vya volkano. Zioshe mpaka vumbi liishe, kwani ndilo huziba tundu la maji. Kimo sentimita 4. Kando ya kuta na kuzunguka tundu la maji acha ukanda wa sentimita 30 wa kokoto tupu.

4. Chujio na udongo

Juu ya kokoto weka chujio cha kitambaa cha jeotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Mfuko wa mchele huziba.

Mchanganyiko ni ndoo 6 za kokoto laini za volkano, 2 za udongo, 2 za samadi iliyooza vizuri. Kimo sentimita 6, yaani bidoni 3 kwa mita mraba. Ukilowa kwa kilo 26 kila bidoni, pamoja na mawe na mimea unafika kilo 130 hivi. Ukishika maji theluthi ya ujazo wake, dale ya mita mraba 40 inabakiza lita 800 hivi, mradi udongo uwe umekauka. Mvua ya pili jioni ileile itapita.

5. Mimea

Panda Septemba, mvua zikirudi. Mimea ya majani manono na nyasi fupi huvumilia kiangazi cha Juni hadi Agosti. Lengalenga na matembele yanataka sentimita 15 au zaidi, basi yawekwe kwenye masanduku juu ya kuta zinazobeba.

6. Utunzaji

Kila mwezi safisha tundu la maji na ung'oe miche ya miti, hasa mikalitusi. Mbolea kidogo sana, kwa kuwa inayozidi huteremka mpaka ziwa Kivu. Majivu ya volkano yakianguka, yafagie kabla ya mvua. Yakilowa yanaganda juu ya udongo na kuongeza uzito.